Zawadi Si Mshahara: Léopards Walipoenda Ujerumani



Usiku wa tarehe 7 mwezi wa pili mwaka 2024, tulikuwa vijana karibu 20 mbele ya televizyo moja hapa Kambove. Kwa bahati umeme ulikuwapo. Léopards walikuwa wanacheza nusu fainali ya Kombe la Afrika na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole vya mkono wa pili wakaviweka kichwani kama bunduki, ili dunia ikumbuke vita ya Mashariki. Kuna mtu alilia pale, na sina haya kusema kwamba ni mimi. Kisha Sébastien Haller akatufunga bao moja, mambo yakaisha. Siku tatu baadaye Afrika Kusini wakatushinda kwa penalti, tukabaki wa 4.

Ile usiku ya Haller, kijana mmoja akatoa telefone yake akatuonyesha video yenye kila mtu anajua. Mwaka 1974, Zaire na Brazil. Wabrazil wanapanga kupiga frikiki. Kabla hawajaupiga, mchezaji wetu Mwepu Ilunga anatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabisa. Vijana wakacheka sana. Yule mwenye telefone akasema: "Sisi njo tuko hivi tangu zamani. Mupira hatujuake."

Kambo yangu alikuwa amekaa nyuma. Ni mzee mwenye alifanya kazi ya mugodi miaka mingi, na kwa kawaida hasemi mengi. Alisimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Kesho yake nilienda kumuona. Nilimuuliza kama alikasirika juu ya kufungwa. Akasema: "Kufungwa haiko kintu. Minakasirika juu munachekaka batu benye hamuyue habari yabo. Bale batoto balibapatiaka zawadi. Mushahara, hapana. Na zawadi haiko mushahara."

Tangu siku ile hilo neno halijanitoka. Mwezi wa sita 2024 ilitimia miaka 50 tangu Zaire icheze Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, na nimeona niandike nilichokipata nilipoifuata ile habari. Swali letu ni moja: kwa nini nchi yenye kuzaa wachezaji wengi namna hii inaanguka kila mara inapofika kwenye mashindano makubwa? Kuna wenye kusema ni uchawi, na kuna wenye kusema hatuna akili ya mpira. Mimi nafikiri kambo yangu alijibu vizuri kuliko wote.

Kwanza tukumbuke tulikuwa nani

Anayetazama ile video ya Mwepu peke yake atafikiri wale vijana waliokotwa njiani. Sivyo. Mwaka 1968, kule Ethiopia, Congo ilichukua Kombe la Afrika kwa kuishinda Ghana 1-0, bao la Pierre Kalala. Kalala alikuwa mchezaji wa Tout Puissant Englebert ya Lubumbashi, hii tunayoiita leo TP Mazembe. Englebert yenyewe ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 1967 na tena 1968, kisha ikacheza fainali za 1969 na 1970. Fainali 4 mfululizo! Mwaka 1973 ikawa zamu ya Vita Club ya Kinshasa kulichukua. Na mwaka huo huo mchezaji bora wa Afrika alikuwa Bwanga Tshimen wa Mazembe.

Mwezi wa tatu 1974, kule Misri, Zaire ikachukua Kombe la Afrika mara ya pili. Fainali na jirani zetu wa Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, tukashinda 2-0. Mabao yote 4 ya mechi hizo mbili alifunga mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna aliyefikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika.

Kwa hiyo timu iliyopanda ndege kwenda Ujerumani ilikuwa bingwa wa Afrika, na ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mwepu mwenyewe alikuwa bingwa wa Afrika. Mtu wa namna hiyo asijue sheria ya frikiki?

Mechi 3 za mwezi wa sita

Mobutu alikuwa amependa sana ile timu. Alibadilisha jina lake, kutoka Simba kuwa Léopards, kwa kuwa chui alikuwa alama yake mwenyewe. Alirudisha nyumbani wachezaji waliokuwa wanacheza Ubelgiji. Wachezaji walipofanya vizuri aliwapa nyumba na gari. Hapa njo neno la kambo yangu linaanza. Nyumba na gari zilitoka mkononi mwa mkubwa kwa sababu mkubwa alifurahi. Mchezaji hakuwa na karatasi yenye kusema: nikifanya hivi, nalipwa hivi, siku fulani.

Mechi ya kwanza, Dortmund, tarehe 14, tulifungwa na Scotland 2-0. Si matokeo ya aibu. Bingwa wa Afrika alicheza mpira wake na watu wakamuona.

Kisha habari ikafika kambini kwamba feza za wachezaji hazipo. Mwepu alieleza baadaye kwamba wachezaji waligundua hawatalipwa, na kwamba wakubwa waliofuatana na timu walikuwa wamezila. Wakataka kugoma, wasicheze mechi ya pili. Wakabembelezwa, wakaingia uwanjani.

Tarehe 18, kule Gelsenkirchen, Yugoslavia ilitufunga 9-0. Hatukuwa tumefikisha nusu saa, golikipa Kazadi Mwamba alitolewa tukiwa tumefungwa 3, ingawa hakuumia. Aliingia Tubilandu. Kocha wetu Blagoje Vidinić alikuwa mtu wa Yugoslavia, na watu wakamshuku kwamba anawasaidia ndugu zake. Yeye alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mtu wa wizara. Dakika zile zile Mwepu alimpiga teke mwamuzi, na mwamuzi akakosea mtu: kadi nyekundu akampa Ndaye Mulamba, mfungaji wetu wa mabao 9. Wakati wa mapumziko ilikuwa 6-0.

Sasa fikirini. Wachezaji ni wale wale walioishinda Afrika nzima miezi 3 kabla, na siku 4 kabla walifungwa mabao 2 tu. Miguu haioshwi ujuzi katika siku 4. Kilichobadilika ni kitu kingine: mtu aliyekuwa anacheza kwa moyo alijua sasa kwamba ameibiwa, na waliomuibia wamekaa jukwaani wanamtazama.

Tarehe 22, Brazil. Mwepu alisema kwamba kabla ya mechi ile walitishwa: wakifungwa mabao 4 au zaidi, wasifikiri kurudi nyumbani. Brazil yenyewe ilihitaji ushindi wa mabao 3 ili ipite mbele ya Scotland. Mechi iliisha 3-0. Ndani ya mechi hiyo njo kuna ile frikiki ya kuchekesha. Mwepu alieleza kwamba alijua vizuri anachofanya. Alikuwa amekasirika, alitaka apewe kadi nyekundu atoke, asiendelee kuwachezea watu wenye kula jasho lake. Mwamuzi alimpa ya njano tu.

Nilipoyasoma hayo niliangalia tena ile video. Safari hii sikucheka. Nilimuona mfanyakazi mwenye kutupa sururu chini mbele ya wakubwa.

Feza zilikuwapo

Mtu anaweza kusema: nchi ilikuwa masikini, zingetoka wapi? Hapana. Feza zilikuwapo, na sisi watu wa huku tunajua zilitoka wapi. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 1967, migodi ya Union Minière ilikuwa mali ya serikali, na kampuni mpya, hii tuliyokuja kuiita Gécamines, ndiyo iliyolisha hazina ya nchi. Mwanzoni mwa 1974 bei ya shaba duniani ilikuwa juu sana. Ilianza kuanguka katikati ya mwaka ule ule. Shaba ya Kambove, ya Likasi, ya Kolwezi na ya Lubumbashi ilikuwa ndani ya kila kitu kilichofanywa Kinshasa.

Na tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, miezi 4 tu baada ya Ujerumani, Kinshasa ilipokea pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja wa mabondia wale wawili aliahidiwa dolari milioni 5, na serikali ya Zaire ilisimama nyuma ya ahadi hiyo. Dolari milioni 10 kwa wageni wawili! Tofauti iko wapi? Ali na Foreman walikuwa na mkataba. Mwepu na Ndaye walikuwa na neno la mkubwa.

Zawadi ina tabia hii: inakuja ukishinda na inakimbia ukishindwa. Léopards waliposhindwa, mkubwa aliwageuzia mgongo. Hawakuruhusiwa kwenda kucheza ng'ambo, mahali ambapo wangeweza kupata mkataba. Mwepu alizeeka katika shida, akafa Kinshasa mwaka 2015.

Ya Ndaye Mulamba ni mazito zaidi. Mwaka 1994 CAF ilimpa heshima kule Tunisia. Aliporudi nyumbani watu wenye silaha walimvamia wakifikiri ameleta feza, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, na huko Cape Town aliishi kwa kuchunga magari ya watu. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika la Burkina Faso, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kumuombolezea, kwa sababu ilisemwa amekufa katika ajali ya mugodi kule Angola. Hakuwa amekufa. Alikufa mwaka 2019, huko huko Afrika Kusini.

Nilipomsomea kambo yangu habari ya ile dakika moja ya kimya, alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Akasema: "Balimulilia mu mugodi. Kumbe alikuwa muzima na njaa." Sikuwa na la kuongeza.

Ugonjwa haukufa na Mobutu

Nchi ilibadilisha jina na wakubwa wakabadilika. Desturi ya zawadi ilibaki. Mwaka 2013, kabla ya mechi ya kwanza ya Kombe la Afrika kule Afrika Kusini, wachezaji wetu waligombana na wakubwa juu ya malipo. Tulitoka sare mechi zote 3, tukarudi nyumbani. Mwaka 2017 kule Gabon, siku chache kabla ya kucheza na Morocco, walisusa mazoezi kwa sababu ile ile.

Na hatuko peke yetu. Mwaka 2014 Cameroon walikataa kupanda ndege kwenda Brazil mpaka wasikilizwe juu ya malipo. Walipoteza mechi zote 3. Mwaka huo huo serikali ya Ghana ilipakia zaidi ya dolari milioni 3 katika ndege ikazipeleka Brazil, kwa sababu wachezaji hawakuamini tena ahadi. Ghana nayo haikutoka kwenye kundi. Dunia ilicheka. Mimi naona wachezaji wale walikuwa na akili: waliyajua ya Mwepu.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu msomi asichague ushahidi wenye kumfurahisha tu. Ile timu ya 2017 iliyosusa mazoezi iliishinda Morocco 1-0 na ikaongoza kundi lake, kabla ya kutolewa na Ghana katika robo fainali. Mwezi wa tisa wa mwaka ule ule tulikuwa mbele 2-0 na Tunisia hapa nyumbani, Kinshasa, tukaacha ikawa 2-2, na tikiti ya Kombe la Dunia la Urusi ikatupita kwa pointi 1. Mwaka 2019 tulitolewa na Madagascar kwa penalti. Siwezi kusema kila bao tunalofungwa limetoka kwenye sanduku la feza. Mpira una bahati yake, na kuna siku mwenzako anacheza vizuri kuliko wewe.

Lakini angalieni upande wa pili: ni wapi Wakongomani wanashinda? Mwaka 2009, CHAN ya kwanza kabisa, ile ya wachezaji wa ligi za nyumbani, tulichukua sisi. Mwaka 2016 kule Rwanda tukaichukua tena kwa kuifunga Mali 3-0. TP Mazembe ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa kumi na mbili 2010 ilicheza fainali ya vilabu vya dunia na Inter ya Milan. Wale hawakuwa na damu nyingine. Kitu walichokuwa nacho ni klabu yenye kuwalipa kwa mwezi, yenye uwanja wake Kamalondo, yenye kujua mwaka ujao itafanya nini. Mpaka Watanzania kama Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuja Lubumbashi kutafuta kazi. Unaona? Mtu anavuka mpaka akifuata mshahara. Zawadi haimvushi mtu.

Najua kuna mwenye kuniambia: Mazembe nayo ilisimama juu ya mfuko wa mtu mmoja, Moïse Katumbi. Ni kweli, na hiyo ni hatari. Siku mfuko ukitoboka, mshahara unarudi kuwa zawadi. Lakini kwa miaka ile mchezaji aliamka akijua atakula nini, na matokeo tuliyaona.

Hata hii timu ya Sébastien Desabre iliyotuliza mwaka 2024 inanipa moyo kwa sababu hiyo. Ilitoka sare mechi 3 za kundi, ikaitoa Misri kwa penalti 8-7, golikipa Lionel Mpasi akafunga ya mwisho yeye mwenyewe, ikaifunga Guinea 3-1. Katika wiki zile tulizungumza mpira, na vita ya Mashariki. Hatukuzungumza mgomo. Ni mara ngapi katika maisha yetu tumeona hivyo?

Sisi wa Kambove tunajua

Kambove imezaliwa na mugodi. Wazee wetu walipokea posho ya unga na mshahara, na walijua kutofautisha. Posho walikula wakasahau. Mshahara ulikuwa haki: ukichelewa, mtu alikuwa na neno la kusema na mlango wa kugonga. Njo maana kambo yangu, mwenye hakusoma sana, alielewa habari ya 1974 kuliko sisi wenye diploma. Sisi tuliona mchezaji mjinga. Yeye aliona mfanyakazi asiye na karatasi.

Kuna jambo dogo lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka jana vijana wa timu moja ya mtaa waliniomba nishike feza zao. Nilikuta kila mtu anadai na hakuna anayejua anadai ngapi. Nauli ya golikipa iliahidiwa na mmoja, maji yaliahidiwa na mwingine, na jezi ziliahidiwa na mtu aliyetaka kura. Nilinunua daftari. Upande mmoja niliandika kinachoingia, upande wa pili kinachotoka, na kila anayepokea anatia saini, hata kama ni franga 500. Kisha nikakataa ahadi za mdomo. Mwenye kutaka kusaidia alete, au aandike siku atakayoleta.

Hatukuchukua kombe. Tulitolewa robo fainali, na bao la mwisho lilikuwa kosa letu wenyewe. Lakini hakuna mchezaji hata mmoja aliyeondoka kabla ya mashindano kuisha, na mwaka huu wamerudi wote. Nahodha aliniambia: "Yaya, safari hii tulifungwa na mupira. Zamani tulikuwa tunafungwa na madeni."

Wengi wetu tunaosoma hapa kesho tutakuwa wahasibu, wanasheria, makatibu wa vyama, wakubwa wa ofisi. Mmoja wetu anaweza siku moja kusafiri na Léopards akibeba sanduku la feza. Siku ile asisahau Gelsenkirchen. Asiseme "tutaona baada ya mechi". Aandike, alipe siku iliyoandikwa, na atoe hesabu mbele ya watu.

Na kabla ya hapo tunaweza kuanza na kitu kisicho na gharama. Mtu akitoa telefone akuonyeshe ile frikiki, usicheke. Muulize kama anajua Mwepu alikuwa anadai ngapi.

Jumapili iliyopita nilimuonyesha kambo yangu ile video, yeye na mimi tu. Aliitazama mara mbili, telefone karibu na macho. Kisha akairudisha mkononi mwangu akasema: "Alipiga muzuri. Muone vile mupira ulienda mbali."